Msiwalaumu Vijana Wanaohama Vyuo

Kila mwezi Aprili ukiingia, mashabiki wa mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani huanza kilio kilekile: wachezaji wamekuwa mamluki, timu ya mwaka jana haipo tena, hakuna anayekaa. Kilio chenyewe nakielewa. Mwaka 2025 zaidi ya wachezaji 2,000 wa kiume wa daraja la kwanza waliandikisha majina yao kwenye orodha ya wanaotaka kuhama, katika daraja lenye timu zaidi ya 350. Piga hesabu mwenyewe uone kila timu ilipukutika kiasi gani. Ninachokataa ni pale lawama inapotuliwa.

Chukua mechi moja tu. Machi 17, 2022, mjini Indianapolis, katika mashindano ya ubingwa wa vyuo ambako kila kanda timu hupangwa kwa ubora kuanzia ya 1 hadi ya 16, Kentucky iliyopangwa ya pili katika kanda yake ilifungwa 85-79 na Saint Peter's, timu ya 15, baada ya muda wa nyongeza. Saint Peter's ni chuo kidogo cha Wajesuiti huko Jersey City ambacho wengi walikuwa hawajawahi hata kukisikia. Upande wa Kentucky alikuwapo Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi. Usiku ule alifunga pointi 30 na kudaka ribaundi 16 (mipira inayorudi baada ya kukosa kikapu), na bado akaondoka mikono mitupu.

Tshiebwe alifikaje Kentucky? Alihama. Alianzia West Virginia, akaondoka katikati ya msimu wake wa pili, na kufikia Januari 2021 alikuwa tayari kambini Kentucky. Msimu uliofuata alikuwa na wastani wa ribaundi 15.1 kwa mechi, namba ambayo mpira wa vyuo vikuu haukuwa umeiona kwa miongo kadhaa, na akachaguliwa mchezaji bora wa mwaka wa nchi nzima. Kijana alikuwa mahali pasipomfaa, akaenda panapomfaa, akachanua. Sijaona mtu yeyote aliyedhulumiwa hapo.

Sasa tazama upande wa pili wa uwanja. Saint Peter's waliendelea kuwatoa watu jasho: wakaifunga Murray State, wakaifunga Purdue, wakawa timu ya kwanza iliyopangwa ya 15 kufika robo fainali ya mashindano yale. Wakatolewa na North Carolina. Siku chache tu baadaye kocha wao, Shaheen Holloway, akatangazwa kuwa kocha wa Seton Hall. Ndipo wachezaji wakaanza kutawanyika. KC Ndefo alimfuata kocha, Doug Edert akaenda Bryant, Daryl Banks akaenda St. Bonaventure, na mapacha wa Mali, Hassan na Fousseyni Drame, wakaenda La Salle. Ile timu iliyopendwa na nchi nzima haikucheza pamoja tena.

Angalia nani alitangulia kutoka.

Chuo kikuu cha Florida Atlantic kinaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Mwaka 2023 walifika nusu fainali, wakatolewa na San Diego State kwa pointi moja, kikapu cha sekunde ya mwisho. Watu wote walitabiri kwamba vyuo vyenye fedha vitawanyakua vijana wale kabla ya kiangazi kwisha. Wapi! Karibu timu nzima ilibaki, kwa sababu kocha Dusty May alibaki. Machi 2024 May akachukua kazi Michigan, na hapo ndipo nyumba ikabomoka: Vladislav Goldin akamfuata, Johnell Davis akaenda Arkansas, Alijah Martin akaenda Florida. Martin huyo alitwaa ubingwa na Florida mwaka 2025, walipoifunga Houston 65-63, akiwa na Walter Clayton aliyetoka Iona na Will Richard aliyetoka Belmont. Mabingwa wa nchi, na nguzo zao zilikuwa zimelelewa kwenye vyuo vidogo.

Kwa hiyo nikisikia kocha anayelipwa mamilioni akilalamika kwamba vijana hawana uaminifu, nakasirika. Yeye mwenyewe akipata ofa nzuri zaidi anaondoka, na kwa miaka mingi mchezaji aliyemwacha nyuma alikuwa akilazimika kukaa nje msimu mzima kama naye akitaka kuhama. Sharti hilo lililegezwa mwaka 2021 kwa uhamisho wa kwanza. Desemba 2023 mahakama ya West Virginia ikaingilia kati, na Aprili 2024 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo, ikaruhusu mchezaji ahame mara yoyote ile mradi masomo yake yanakwenda sawa. NCAA haikutoa uhuru huu kwa moyo mweupe. Ulipatikana kwa kushtakiwa, kesi baada ya kesi.

Hata hivyo, kuna wanaoumia na sitajifanya sioni. Kocha anapoondoka, kwa kawaida mkataba wake una kifungu cha fidia, kwa hiyo chuo kinachoachwa hulipwa. Mchezaji aliyefundishwa miaka miwili Iona au Belmont anapokwenda chuo kikubwa, mara nyingi chuo kilichomlea hakipati kitu. Hapo ndipo penye dhuluma. Tangu Julai 2025, kufuatia makubaliano ya kesi iitwayo House, ya wanamichezo dhidi ya NCAA, chuo kinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo wake moja kwa moja; kwa mwaka wa kwanza, 2025-26, kikomo kilikuwa dola milioni 20.5 kwa jumla. Fedha zipo. Katika soka FIFA iliweka zamani utaratibu wa asilimia 5 ya ada ya uhamisho kugawiwa klabu zilizomlea mchezaji tangu akiwa na miaka 12. Si utaratibu mkamilifu, lakini angalau unakiri kwamba kuna mtu alimwagilia maji kabla ya mavuno.

Mimi ningependa mchezaji apewe mkataba wa kweli, kama wa kocha: miaka miwili au mitatu akitaka, malipo yaliyoandikwa, na fidia inayokwenda kwa chuo alichotoka endapo atauvunja. Na kocha akiondoka, mchezaji awe huru bila fidia yoyote, maana aliyesaini naye ndiye aliyeondoka kwanza. Shida ni kwamba vyuo vinataka faida za mkataba bila kumwita kijana mfanyakazi. Wachezaji wa kikapu wa chuo cha Dartmouth walijaribu: Machi 2024 walipiga kura 13 kwa 2 kuunda chama cha wafanyakazi, chuo kikapinga, na mwisho wa mwaka huo ombi likaondolewa. Bila kuvuka mto huo, tutaendelea na makubaliano ya mwaka mmoja mmoja na kila Aprili kilio kilekile.

Nikiri kwamba kuna kitu kimepotea kwa shabiki. Hasheem Thabeet alitoka Dar es Salaam, akacheza Chuo Kikuu cha Connecticut (UConn) misimu mitatu, tukamwona akikua kutoka kijana mrefu mwenye mikono mizito hadi mlinzi aliyetisha ligi nzima, kisha akachaguliwa wa pili mwaka 2009, timu za NBA, ligi ya kulipwa, zilipochagua wachezaji wapya. Ule muda wa kumzoea mchezaji ulikuwa mtamu. Lakini utamu wangu mimi wa kutazama hauwezi kuwa sababu ya kumfunga mtu mwingine.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni vijana wetu wanaotoka huku. Mwenye viza ya mwanafunzi kazi zake zina mipaka, na akibadili chuo kumbukumbu zake za uhamiaji nazo lazima zihamishwe. Tshiebwe, pamoja na umaarufu wote ule, alisubiri hadi Kentucky iliposafiri kwenda Bahamas mwaka 2022 ndipo aweze kufanya kazi za matangazo nje ya ardhi ya Marekani. Mwenzake asiye na jina hana hata njia hiyo. Mzazi wa Dar, Kampala au Lubumbashi anayeletewa karatasi za kusaini aulize mambo matatu kabla ya kushika kalamu: ufadhili huu ni wa miaka mingapi kwa maandishi, kocha akiondoka nani atamlipia mwanangu hadi amalize shahada, na akihama, masomo aliyokwisha kufaulu yatahesabiwa kule aendako?