Mzee wa Miaka 22

Niseme mapema ili anayetaka kuondoka aondoke: nina miaka 22, nasoma mwaka wa pili hapa Dar es Salaam, na napenda Sikinde, ile bendi ya zamani ya muziki wa dansi. Sio kupenda kwa kuisikia kwa bahati mbaya kwenye daladala. Kupenda kwa kujua gitaa la solo linaingia wapi na tarumbeta zinamjibu nani. Nikilisema hili mbele ya watu wa rika langu wananiangalia kama nimetangaza kuwa napiga mswaki kwa kijiti. (Na hicho nakitumia pia, nikiwa kwa babu, ila tusichanganye mada.)

Sasa penda Sikinde halafu uishi hosteli, uone.

Chumba chetu kimeandikiwa watu wanne. Kwa hesabu ya jana usiku tulikuwa saba: wanne wenye majina mlangoni na watatu wa kubebwa, yaani waliokosa nafasi wakahifadhiwa na wenzao. Mimi mwenyewe nimembeba dogo mmoja wa mwaka wa kwanza, analala upande wa ukutani, na kila nikimgusa aache kukoroma anajibu "nipo" kama anaitwa mahudhurio. Huyo hana shida. Shida yangu iko kitanda cha juu.

Kitanda cha juu analala mtu wa singeli. Singeli ni muziki wetu kabisa, umezaliwa uswahilini hapa hapa mjini, Manzese, Tandale na kule kote, na siwezi kuukana. Lakini unakwenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Moyo wa binadamu mwenye afya, ukiwa umetulia, unapiga 60 mpaka 100. Fanya hesabu mwenyewe: mwili unataka 70, spika inataka 200, na ni saa kumi na moja alfajiri. Naamka nimeshachoka. Napiga mswaki kwa kasi ambayo sikuichagua. Kuna siku nilimaliza kuoga kabla maji hayajafika mgongoni.

Nikamwambia kwa upole, "Mwanangu, hebu leo tuanze siku kistaarabu." Nikamwekea Sikinde. Akakaa, akasikiliza kwa heshima, maana ni mtu mzuri ukimzima spika. Dakika ya tatu akaniuliza, "Wanaanza kuimba saa ngapi?"

"Wameshaanza."

"Mbona hawana haraka?"

Nikamweleza kuwa wimbo wa dansi ni kama kikao cha ukoo. Huwezi kuingia tu na kusema shida yako. Unapiga hodi, unakaribishwa, mume analalamika kwa utaratibu, mashemeji wanaitwa mmoja mmoja, wazee wanatoa maoni, ndipo dakika ya tano magitaa yanachachamaa na watu wanainuka kwenye viti. Akasema kwa dakika hizo tano, kwenye singeli mtu ameshaoa, ameshaachika, na ameshahamishia kitanda kwa mama yake. Halafu akapanda juu kulala, na mimi nikabaki na Sikinde yangu kwenye hedifoni.

Hedifoni yenyewe ya Kariakoo, shilingi 2,000, sikio la kushoto lilikufa siku ya tatu. Lakini halijafa kabisa kabisa. Ukiukunja waya pale unapoingia kwenye simu, ukaubana na kidole gumba, ukageuza shingo kidogo upande wa mlango, linafufuka. Ukipumua linakufa tena. Kwa hiyo ukinikuta kwenye kimbweta, yale mabenchi yetu ya kusomea nje, nimekunja shingo, nimetoa macho, sipumui, usiite watu. Nasikiliza tarumbeta.

Tabia nyingine niliyonayo, na hii wananicheka zaidi, ni kupanga noti. Haziingii mfukoni hivi hivi. Lazima picha zote ziangalie upande mmoja, kubwa nyuma, ndogo mbele. Na kwa mwanafunzi kupanga noti ni kupanga mbuga ya wanyama. Boom, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likiingia, mfuko wangu ni Serengeti: tembo wa elfu kumi wanatembea kwa kundi, faru wa elfu tano wako nyuma yao, simba wa elfu mbili wamelala. Wiki hiyo nakula chipsi mayai na mishikaki na naagiza soda bila kuuliza bei. Nawasalimia watu nisiowajua. Wiki ya pili tembo wametoweka wote, na naapa sijui walikopita, maana tembo si mnyama wa kupotea kimya. Wiki ya tatu faru anabaki mmoja, nampa ulinzi, simtoi hata kwa dharura. Wiki ya nne wanyama wameisha na nimebaki mimi na Mwalimu Nyerere, ana kwa ana, kwenye noti moja ya elfu. Ananiangalia. Namwangalia. Sura yake inaniambia wazi kuwa habari za kujitegemea alishazisema tangu 1967 na sijui nilikuwa wapi. Nilikuwa sijazaliwa, Mwalimu. Babu ndiye alikuwepo, muulize yeye.

Hapo ndipo tunapoanza kupiga pasi ndefu. Anayeijua anaijua: mlo mmoja, unaukadiria ukae katikati ya siku, usiwe chai wala usiwe chakula cha usiku, uwe yote mawili. Saa tisa alasiri ndiyo saa yangu. Wali maharage kwa mama ntilie, na siku mama akiwa na furaha anaongeza kipande cha nyama. Mimi nyama nakula mwisho. Nimelelewa hivyo. Naisogeza pembeni ya sahani, naizungushia wali kama ua, nakula maharage yote huku namwangalia mgeni wangu wa heshima. Juzi nimefika mahali nimebakiza tonge tatu za wali na kile kipande, mtu wa singeli akapita, akaniuliza, "Hii huitaki?" Sijajibu bado. Tonge ilikuwa mdomoni, na mimi sizungumzi na chakula mdomoni, nayo ni tabia yangu nyingine. Alipofika mlangoni alikuwa anatafuna. Kwa mapigo 200 kwa dakika.

Kwenye daladala nako nina kesi. Kisheria mimi ni mwanafunzi. Nina kitambulisho, nina begi, nina njaa. Nikampa konda shilingi 200 ya mwanafunzi. Akaiangalia ile sarafu, akaniangalia mimi, akaangalia kidevu changu.

"Denti?"

"Ndiyo."

"Na ndevu hizo zinasoma la ngapi?"

Gari zima likacheka, mpaka mama mmoja aliyekuwa amelala. Nikatoa kitambulisho. Akakisoma kwa sauti, jina langu lote la kati na la mwisho, akanirudishia na kusema nauli ya wanafunzi ni ya wanaovaa sare. Kulikuwa na watoto wa shule wawili pale mlangoni wenye sare, nao walikuwa wamezuiwa wasikae kwenye viti. Nikalipa ya mtu mzima, na bado nikasimama.

Mpira ndio usiniulize kabisa. Yaani uniulize lolote, hata matokeo ya mtihani, ila usiniulize mimi ni Simba au Yanga. Sina timu. Yanga wameanza 1935, Simba 1936, karibu miaka tisini watu wanachagua, na mimi nilipofika nikakuta kila mtu ameshakasirika, nikaona nikae pembeni. Hakuna anayekubali. Wa Yanga wananiambia wewe ni Simba unayejificha. Wa Simba wanasema mtu asiye na msimamo hivi lazima awe Yanga. Siku ya mechi ya watani niko peke yangu chumbani, raha mustarehe, wenzangu sita wote wameenda kwenye runinga ya kantini, na hiyo ndiyo sababu naitakia ligi yetu mechi nyingi zaidi. Mwaka jana nikachoka kubishana nikasema basi mimi ni Azam. Walinionea huruma. Mmoja akaninunulia maji.

Nisije nikaonekana sina burudani za kisasa. Muvi naangalia. Bando likiwa limekata, na huwa limekata, naenda na flashi kwenye kibanda pale nje ya geti naingiziwa za Kikorea. Ila sharti langu ni moja: ziwe zimetafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili. Wakubwa wanaomkumbuka Lufufu, yule mtafsiri wa muvi, wanajua nasema nini. Sitaki maandishi chini ya picha, nasoma maandishi mchana kutwa kwenye madesa. Nataka yule jamaa wa kwetu aliyekaa na maiki yake, anayeona mfalme wa Korea amekasirika na kutwambia kuwa "mzee hapo presha imepanda, na kumbuka asubuhi hakunywa chai." Malkia analia, yeye anatueleza kuwa huyu dada ana mambo kama ya watu wa Mbagala. Kuna wakati waigizaji wamenyamaza kabisa, wanatazamana tu kwenye theluji, na jamaa anaongea dakika mbili nzima. Amepata wapi hayo maneno? Haijalishi.

Siku moja nilipata bando la ofa nikaangalia ile ile, asilia, yenye maandishi. Nilisikitika. Mfalme hakuwa na presha. Hakuna aliyetaja chai. Malkia alisema maneno manne, tena ya kawaida. Nikagundua kuwa niliyekuwa nampenda muda wote huo hakuwa malkia, alikuwa jamaa wa maiki.

Kazi za kikundi nitazipitia haraka kwa sababu zinanipandisha hasira. Tuko kumi. Wawili tunaandika, mmoja anachapa, watatu wanasema "mimi niko vizuri kwenye prezentesheni", na waliobaki mchango wao ni namba ya usajili. Siku ya prezentesheni wale watatu wanaumwa.

Kwa hiyo katika dunia hii mtu ninayeelewana naye kwa upande wa starehe ni mmoja tu, na ana miaka 76, na yuko Muheza. Babu yangu. Tunaitana mume mwenza, kwa sababu bibi ni mke wetu wote wawili, na yeye ndiye aliyenitangulia kumwoa kwa ujanja tu wa kuzaliwa mapema. Kila Jumapili usiku ananipigia. Namwamkia, anaitikia, ananiambia mke wetu hajambo na amesema nimtumie khanga, halafu tunaingia kwenye jambo lililotukutanisha: yeye ni wa Msondo, bendi ya dansi iliyo mtani wa Sikinde.

Hatujawahi kusuluhishwa. Hoja yake ni moja na hajaibadilisha tangu niko darasa la sita. "Mume mwenza, Msondo imeanza 1964, ikiitwa NUTA. Sikinde 1978. Hiyo ni miaka 14. Kwenye ukoo, mtu uliyemzidi miaka 14 unamtuma maji." Mimi namjibu kuwa mdogo ndiye aliyesoma. Anacheka, anakohoa, anasema vocha inaisha, na vocha huwa haiishi mpaka amesema la mwisho.

Likizo iliyopita nilimjazia memori kadi ya karedio kake. Nilitumia kompyuta ya mtu wa singeli kwa sababu yangu inawaka ikitaka. Nikaweka Msondo kwa adabu, Sikinde kwa wingi, nikijua atakuwa anaziruka ila siku moja kidole kitachelewa. Nikaipeleka nikiwa nimejaa matumaini ya kumgeuza mzee wa watu.

Jumapili iliyopita akapiga. Shikamoo, marahaba, mke wetu hajambo. Nikamuuliza kadi inaendeleaje. Akanyamaza kidogo, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mume mwenza, humu ndani kuna wimbo umeweka, wa mbio mbio. Mtu anaongea kama anafukuzwa."

Damu ikanishuka. Nikakumbuka kompyuta ilikuwa ya nani. Nikaanza kuomba radhi, nikamwambia nitakuja mwenyewe kuutoa, nikamweleza habari za chumba, za spika, za saa kumi na moja alfajiri, nimeongea mpaka nikaishiwa pumzi.

"Usiutoe," akasema. "Nimewapigia ngedere kule kwenye mahindi. Nimeiacha redio juu ya kichuguu, sauti mpaka mwisho. Siku ya tatu leo, hata mmoja hajarudi."

"Kwa hiyo unakusaidia shambani tu, babu."

"Ndiyo, shambani. Ngedere wote wamekimbia." Akashusha sauti kama anayeogopa kusikiwa na mtu wa chumba cha pili. "Ila mke wetu ameng'ang'ania kwenda kulinda mahindi mwenyewe kila asubuhi, na jirani ananiambia amemkuta anacheza. Sasa huyo rafiki yako wa kitanda cha juu, muulize, hana nyingine?"