Punje ndogo, shaba ya moto

Tangu zamani mhunzi huvuta mivukuto kwa sababu moja: metali ya moto hulainika. Mwaka 2024 watafiti Ian Dowding na Christopher Schuh walichapisha kipimo kinachosema kinyume. Shaba tupu, yaani isiyochanganywa na metali nyingine, joto lake likipandishwa kwa nyuzi 157 kisha ikapigwa kwa kasi kubwa mno, uimara wake huongezeka kwa takriban asilimia 30. Titani na dhahabu nazo zilifanya hivyohivyo.

Chombo chao ni punje ya alumina (oksidi ngumu ya alumini), nyembamba kuliko unywele. Leza huirusha, inaigonga metali, inadunda, na kamera inanasa mwendo wake wa kwenda na wa kurudi. Punje inayorudi kwa kasi imepoteza nguvu kidogo katika kuibonyeza metali. Maana yake metali ni ngumu. Kwenye shaba ya moto, punje ilirudi kwa kasi zaidi.

Wenye shaka na kipimo hiki wana hoja. Nondo mbili za Kolsky, njia ya kupima iliyobuniwa na mwanafizikia wa jina hilo mwaka 1949, hubana kipande kizima kati yao na kutoa mchoro kamili wa nguvu na mbonyeo, ilhali punje hugusa eneo dogo tu, tena kuugeuza mdundo uwe uimara kunahitaji fomula. Kweli. Lakini nondo hizo kwa kawaida huishia kwenye kasi ya mbonyeo (badiliko la umbo likilinganishwa na ukubwa wa kipande) ya maelfu kwa sekunde. Punje inavuka milioni. Ukitaka kasi hiyo kwa kugonganisha mabamba, unapata wimbi la mshtuko, na shinikizo lake peke yake hubadili uimara. Utatenganishaje athari ya shinikizo na ya joto?

Nirudi kwenye ile asilimia 30, maana ndipo watu wanapoteleza. Huo ni ulinganisho: punje za aina ile ile, shaba ile ile, kilichobadilika ni joto. Fomula ikikosea, sehemu kubwa ya kosa iko pande zote mbili. Na sababu inaeleweka. Kasoro za mpangilio wa atomi, ambazo kusogea kwake ndiko kubonyea kwa metali, zikienda polepole husaidiwa na joto kuruka vizuizi. Zikienda mbio, mitetemo ya atomi huzikwamisha, kama anayekimbia katikati ya soko lililofurika. Joto likizidi, mitetemo huzidi.

Tena si jambo geni kabisa. Kanel, mtafiti wa Urusi, na wenzake waliripoti mwaka 2001, kwa njia ya kugonganisha mabamba, fuwele za alumini zilizozidi kukataa kubonyea chini ya mshtuko kadiri zilivyokaribia kuyeyuka.

Anayetaka kukinga chombo cha angani dhidi ya vumbi linalokigonga kwa kasi asikimbilie namba hii: ni ya metali tupu, na yeye hutumia aloi, yaani metali zilizochanganywa.