Kudai hela kanisani, hata Marekani unatoka kapa

Kila nikija likizo Dar kutoka Marekani lazima mtu aniambie huko kwenu mchungaji akizingua mnamburuza mahakamani mnalipwa mamilioni ya dola. Safari hii alikuwa kinyozi pale Kimara Mwisho, kasikia Kanisa Katoliki Los Angeles limekubali kulipa dola milioni 880 mwaka 2024. Ni kweli, ila ulizeni hela za nini. Ni za watu zaidi ya 1,300 waliodhalilishwa kingono wakiwa watoto, na wengi wao muda wa kushtaki ulishapita zamani mpaka California ikatunga sheria 2019 ikawapa miaka mitatu ya kuleta madai yao ya zamani.

Sadaka ni habari nyingine kabisa. Kuna tajiri anaitwa James Huntsman, 2021 aliwashtaki kanisa la Wamormoni anataka fungu la kumi lake zaidi ya dola milioni 5, anadai walisema halitajenga maduka kumbe limejenga. Januari 2025 mahakama ya rufaa ikamwambia huna kesi. Na ukisema ulitoa hela kwa muujiza wa uongo, kule tangu 1944 mahakama haiulizi kama muujiza ni wa kweli, inauliza kama mhubiri mwenyewe aliuamini, sasa nani atakubali kwamba hakuamini?

Mi nadhani bongo sheria siyo tatizo kubwa. Mama mdogo wangu wa Mbezi aliwakopesha kanisani kwao milioni 4 za kumalizia paa, hela ya kiinua mgongo chake, aliwakopesha jamani, hakutoa sadaka. Nikamuuliza karatasi iko wapi, akaingia chumbani akarudi na kopo la Blue Band, ndani bahasha za ahadi za miaka yote zimefungwa raba bendi na katikati yake kikaratasi kimechanwa kwenye daftari la kwaya, "tumepokea 4,000,000 mkopo wa mabati", sahihi ya mhazini, muhuri hakuna.

Nikamrushia picha rafiki yangu wakili wa Posta. Akasema kesi ipo, deni la mkataba lina miaka 6 na hapa imepita minne, lakini usije ukaandika unamshtaki mchungaji au "kanisa", unashtaki bodi ya wadhamini kwa jina lile lile lililosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ukikosea wanakuwekea pingamizi la awali mnarudi nyumbani kikaratasi hakijasomwa. Halafu akataja hela yake ya kuanzia, nikanyamaza. Hapo ndo Marekani wametuzidi, wakili wa kesi za kuumizwa anakula ukishinda, mara nyingi theluthi, kwahiyo hata asiye na senti anapata wa kumsimamia. Ingawa kwa deni la mabati sidhani kama angehangaika.

Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, anachambua mchele wake. Akasema, "Mwanangu, nikiwapeleka mahakamani, nani atanizika?"

Mi kule naishi miaka 9 na jirani wa mlango wa pili simjui jina, nikakosa cha kumjibu. Jumapili akavaa kitenge cha umoja wa akina mama tukaenda wote, kikapu kikapita mara tatu. Mabati yenyewe ni ya msauzi, rangi damu ya mzee, yamekaa vizuri kweli.