Pauni 1,000 za Alf Common zilikwenda kwa nani?

Februari 1905, Middlesbrough walimsajili mshambuliaji Alf Common kutoka Sunderland kwa pauni 1,000, usajili wa kwanza kufikia kiasi hicho. Uingereza ikawaka moto. Wakosoaji walisema soka imegeuka soko la kuuza watu, na kwamba Middlesbrough wananunua pointi badala ya kuzitafuta uwanjani.

Wanaoutetea usajili ule wana hoja nzito. Klabu ilikuwa inachungulia daraja la pili na ilikuwa imekaa karibu miaka miwili bila kushinda ugenini. Mechi ya kwanza ya Common ikawa Bramall Lane, kwa Sheffield United, timu aliyotwaa nayo Kombe la FA mwaka 1902. Ikapatikana penalti, akaipiga mwenyewe, mpira ukaisha 1-0. Middlesbrough wakamaliza nafasi ya 15 kati ya timu 18. Kweli, msimu huo hakuna aliyeshuka kwa kuwa ligi ilipanuliwa hadi timu 20, lakini mwezi Februari kiongozi gani wa klabu angekaa kungoja bahati hiyo? Common alidumu hapo hadi 1910, akafunga mabao 58 katika mechi 168 za ligi. Si haba hata kidogo.

Kwa hiyo bei yenyewe sina ugomvi nayo. Kinachoniuma ni mfuko ulioipokea. Tangu 1901 mchezaji hakuruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 4 kwa wiki. Hata angelipwa wiki zote 52, ni pauni 208 kwa mwaka. Ada ile ni karibu mshahara wa miaka mitano. Sunderland walikuwa wamemnunua kwa pauni 520 mwaka 1904 tu. Ndani ya mwaka mmoja fedha yao ikakaribia kuzaa mara mbili, kwa miguu ya Common.

Watetezi wa kikomo cha mshahara walisema bila hicho klabu tajiri zingekomba wachezaji wote. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini kikomo hakikuwazuia matajiri kununua, kiliwazuia wachezaji kufaidi. Mwaka 1908 FA, chama cha soka cha England, ilijaribu kuzibana klabu zenyewe, ikaweka ukomo wa pauni 350 kwa kila uhamisho, na sheria hiyo ikafutwa baada ya miezi michache. Ukomo wa mshahara wa wachezaji ulidumu hadi 1961.