Fanicha za nje huku Mtwara: vanishi au mafuta?

Ukimwambia fundi wa hapa Mtwara unataka meza na mabenchi ya kukaa nje, mara nyingi hata haulizi vitakaa wapi, anakwambia tu tutapiga vanishi, na kweli siku ya kwenda kuchukua mzigo vinang'aa mpaka unaogopa kuvikalia. Mi sina ugomvi na vanishi, ila naona watu wanaichagua kwa kuangalia siku ya kwanza tu, wakati chochote utakachopaka nje kitachakaa, sasa cha kujiuliza ni kitachakaaje na nani atakirudia.

Adui mkubwa ni jua kuliko hata mvua. Miale inapita kwenye vanishi isiyo na rangi inaenda kuharibu uso wa mbao kwa chini, vanishi inakosa pa kushika, inaanza kubabuka. Afu mvua zikianza kwenye Novemba au Desemba mpaka Aprili huko mbao inavimba, kiangazi inasinyaa, na ile vanishi ngumu ya makabati ya ndani haiwezi kufuata huo mwendo, inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na kutoka hayawezi, ndo unaona yale madoa meusi.

Ipo vanishi ya boti, hiyo ni habari nyingine. Ina mafuta mengi kwa hiyo inanyumbuka na imewekwa dawa ya kupunguza makali ya jua, koti ya kwanza unaizimua na tina inywewe na mbao, halafu koti tatu nne juu na msasa laini kila baada ya koti. Kiti cha barazani chini ya paa, hata kama ni Shangani, mtaa wa hapa Mtwara ulio ufukweni, na upepo wa chumvi unakupiga usoni, mi ningepiga hiyo bila kuwaza, mchuzi ukimwagika unafuta na kitambaa yameisha. Ila ikiachwa juani siku ikibabuka huwezi kupaka tu juu yake, lazima ukwangue yote mpaka mbao, na hiyo kazi hakuna anayeipenda.

Mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) yaliyochemshwa hayana ngozi ya kubabuka maana yanazama ndani. Yakififia unaosha, unaacha ikauke, msasa kidogo, unapaka, unafuta yaliyobaki juu, basi. Ubaya wake utarudia mara moja au mbili kila mwaka, usipofuta vizuri yananata na kanzu ya mgeni inaondoka na doa, na kwa unyevu wa pwani linsidi mbichi inaota ukungu. Pia matambara yaliyolowa linsidi usiyakunje ukayarundika kwenye kona, yanapata joto yenyewe mpaka yanawaka moto, yatandaze nje au yaloweke kwenye maji.

Na hii ya kupaka mafuta sio mpya, wenye mashua na majahazi wa pwani hii walipaka sifa, yale mafuta ya papa, wakijua kabisa watarudia. Usije tu ukaipaka kwenye benchi, kwa harufu yake mgeni wako hatarudi. Oili chafu ya gari nayo iache kwenye nguzo za uzio. Kuhusu mafuta ya maganda ya korosho, kweli viwandani yanaingia kwenye rangi, vanishi na brek za magari, ila mabichi yanaunguza ngozi, na huku aliyewahi kubangua korosho kwa mkono hahitaji kuambiwa.

Mbao nayo ina neno lake. Mninga, mkongo au mtiki unaweza hata usiupake kitu, utageuka kijivu na utadumu. Paini ni rangi ya mafuta tu, watu wanaidharau wanasema inaficha mbao, lakini huko kuficha ndo kunazuia jua kuliko vanishi yoyote.

Kwa benchi la mninga linalolala juani mi naenda na linsidi, nalipaka mwezi wa tisa au wa kumi mbao ikiwa kavu, na miguu kwa chini nailowesha zaidi maana maji hupandia huko. Na fundi akikuletea mbao iliyopasuliwa juzi akasema wiki ijayo njoo uchukue, mwambie asipige vanishi kwanza, unyevu ukitafuta pa kutokea utaona malengelenge kabla hata hujamaliza kumlipa.