Majani nayo ni zao

Wafugaji wa huku Dodoma tukikutana, baada ya salamu tunaulizana mvua, kisha tunaulizana ng'ombe. Sijawahi kusikia mtu akiulizwa ana ekari ngapi za majani. Matokeo yake tunayaona kila mwaka ikifika Septemba: tunazunguka na mifugo kutafuta kitu ambacho hakuna aliyekipanda wala aliyekipa nafasi ya kuota tena. Msimamo wangu ni kwamba majani ni zao kama mtama na alizeti, na kwa nchi kavu kama hii zao hilo lianze na majani ya asili ambayo wataalamu wa malisho huyaita Cenchrus ciliaris.

Huenda unayajua kwa macho tu. Huota kwa mafungu, na suke lake lina urefu wa kidole, limejaa manyoya laini ya rangi ya zambarau au kahawia, mithili ya mkia wa mbweha. Mizizi yake inaweza kushuka mita mbili na zaidi. Kiangazi kikikolea utadhani yamekufa, kumbe uhai umejificha chini. Mvua zikianza tu, visiki vinachipua kabla mahindi ya jirani hayajaota vizuri. Yakishashika ardhi hupandi tena mwakani, wala mwaka unaofuata.

Kinachoniuma ni kwamba thamani yake waliiona wengine. Huko Queensland, Australia, kuna aina maarufu ya majani haya inayoitwa Biloela, na asili yake ni mbegu zilizotoka Dodoma. Nyingine, Gayndah, ilitoka Kenya. Wenzetu walizijaribu, wakazipa majina ya miji yao, wakanenepesha ng'ombe wa nyama. Sisi tuliobaki na majani yenyewe tunayalisha mifugo hadi mizizi inaonekana. (Ni kweli pia kwamba ugenini yameleta balaa: katika jangwa la Arizona, Marekani, yanaeneza moto unaoteketeza madungusi kakati makubwa ambayo hayakuzoea kuungua. Hapa kwetu yamekulia pamoja na moto, nyumbu na ng'ombe, na hapa ndipo mahali pake.)

Sasa, kuyalima kunataka akili tofauti na ya mahindi. Mbegu iliyovunwa leo usiipande kesho, maana huwa imelala, haijawa tayari kuota; iweke ndani ya gunia linalopitisha hewa, pakavu, miezi sita au hata mwaka. Ukiishika mkononi utaona ni kama pamba yenye vijiti: zinang'ang'aniana, upepo unazichukua, na ukizitupa hivyo hivyo zitaangukia sehemu moja. Zichanganye na mchanga mkavu au samadi iliyochekechwa, halafu zitie kwenye mifereji myembamba uliyoikwangua kwa jembe la mkono au la ng'ombe, kukinga mteremko ili maji yasikimbie. Kilo mbili kwa ekari zinatosha kama mbegu ni nzuri. Na tafadhali usizifukie! Sentimita moja ya udongo inatosha, wengine huburuta tawi la mgunga juu yake na kazi imekwisha. Mashamba mengi ya majani hufia hapa, mtu anapofukia mbegu kama anapanda maharage.

Panda mwishoni mwa Novemba au mwanzoni mwa Desemba, kabla mvua hazijakolea. Huku tunapata msimu mmoja tu, ukichelewa umeukosa mwaka. Palilia mara ya kwanza mapema, kwa sababu miche yake ni dhaifu na magugu hayana huruma. Kisha linakuja jambo gumu kuliko yote: msimu wa kwanza usiingize mnyama hata mmoja. Najua inavyouma kuona kijani kimesimama huku ndama analia zizini. Lakini mche ambao haujashika mizizi ng'ombe anaung'oa mzima. Acha yatoe mbegu, vuna masuke yanapogeuka rangi ya majani makavu na mbegu kuchomoka kwa kuvuta tu, ndipo ufyeke na kufunga marobota. Ukifyeka, bakiza kisiki cha sentimita kumi au kumi na tano. Kuanzia hapo ni kufyeka, kupumzisha na kurudisha samadi.

Si lazima kila mahali papandwe. Kondoa mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo yote katika eneo lililokuwa limeharibiwa na mmomonyoko, na uoto ukarudi. Siungi mkono kumfukuza mfugaji kwenye ardhi yake, iliwagharimu watu mno. Lakini ardhi ilionyesha kwamba inachodai ni mapumziko. Wasukuma walikuwa wamelijua hilo zamani kwa ngitili zao: sehemu inafungwa mvua zikianza, inafunguliwa kiangazi kikibana. Vijiji vya ujamaa vilivuruga utaratibu huo, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza mwaka 1986, ukasaidia kuufufua kwa maelfu ya hekta. Ulifanikiwa kwa sababu wenyeji waliutambua kuwa ni wao.

Kwa hiyo vijiji vyetu vinapokaa kupanga matumizi bora ya ardhi, haitoshi kupaka rangi kipande cha ramani na kukiita malisho. Kipande hicho kigawanywe, sehemu moja ifungwe kila masika kwa zamu, palipobaki udongo mtupu pasiwe na mjadala: papandwe. Na mkutano mkuu wa kijiji umtaje kwa jina atakayeshika ufunguo wa geti na faini ya atakayevunja, kabla watu hawajatawanyika.