Nimekuja Kuomba Uchafu

Ssenga, yaani shangazi, wa mke wangu amekuja kutoka Masaka, na ameniosha chujio la tangi la samaki. Si kusuuza, ndugu zangu. Kuosha: sabuni ya mche, brashi ya viatu, na haya maji ya bomba yenye klorini. Narudi kazini nakuta vipete vya kauri vimeanikwa kwenye sinia uani, sponji imebanwa kambani kati ya soksi zangu, na mwenyewe yuko mkekani, kanyoosha miguu kama aliyetoka kulima.

"Mkwe wangu, kumbe mlikuwa mnaishi na uchafu!"

Uchafu huo, Ssenga, ndio mtambo wenyewe. Ule utelezi wa kahawia ni bakteria. Samaki akijisaidia, hata akipumua tu, anatoa amonia. Bakteria wanaigeuza nitriti, kisha nitrati, ambayo samaki anaivumilia. Wanachukua wiki kadhaa kuota. Sponji husuuzwa taratibu kwa maji yaliyochotwa humohumo tangini, vipete huachwa siku nyingine, na cha kubadilisha mara kwa mara ni mkaa peke yake. Hayo yote niliyasema moyoni. Mdomoni nilisema, "Webale nnyo, Ssenga," yaani asante sana. Wewe ungemwambia nini?

Na samaki wenyewe ni nkejje, wale wadogo wa Ziwa Victoria. Mbuta, yaani sangara, alipoletwa ziwani miaka ya 1950 aliwala babu zao nusura awamalize. Hawa wamenusurika hayo yote waje wauawe na brashi ya viatu. Ssenga anauliza tutawakausha lini tumlishe mtoto, amekonda.

Usiku stima ikapotea, pampu ikanyamaza. Muuzaji wa mjini akanishauri nibadilishe sponji, vipete na mkaa, vyote kwa mpigo, kila mwezi. Namwelewa, muhula umefunguliwa.

Dawa ni kumwomba mwenye tangi la siku nyingi akugawie sponji yake chafu. Ninaye mmoja, anakaa Muyenga, mtaa wa matajiri hapa Kampala. Muyenga ina mageti, na geti lina askari.

"Unamwona nani?"

"Mwenye nyumba."

"Hiyo ndoo ya nini?"

"Ya kubebea uchafu."

"Taka zimeshachukuliwa."

"Si taka, afande. Uchafu wa samaki. Ameniahidi."

Akaegemeza bunduki ukutani, akamwita mwenzake aje asikie. Mwenzake akanizunguka, akachungulia ndoo, ikiwa na maji ya tangi langu kidogo ili bakteria wasikauke njiani. Akanusa. "Mganga gani amekutuma?"

Nikajinyoosha, nikafunga kifungo cha koti, nikatoa kitambulisho cha kazi. Mimi ni mtumishi wa umma!

"Hao ndio wateja wao wakubwa," akasema.

Wakapiga simu ndani. Wakaambiwa niingie. Bado, kuna daftari. Jina, simu, saa ya kuingia, sababu ya ziara. Kalamu anaishika yeye, haiguswi na mgeni. Akaandika jina langu la ubatizo, akaandika la marehemu baba yangu, halafu kwa herufi kubwa: UCHAFU. Nikamwomba aandike hata "vifaa vya samaki". Akasema daftari halidanganywi. Afande, mimi nina watoto! Afande, futa! Nyuma yangu gari limeanza kupiga honi, dereva katoa kichwa asome.

Na haya madaftari, nani huyasoma? Kampala nzima kila geti lina namba yangu, na sijawahi kusikia mwizi aliyekamatwa kwa kuwa alijiandikisha. Ila wauzaji wa ploti za Mukono wananijua kwa majina yote matatu. Leo asubuhi kanipigia kijana mwingine kabisa, mwenye adabu zake: mzee, nimesikia unatafuta uchafu, nina samadi ya kuku Gayaza, lori zima, naleta mpaka mlangoni.

Nikamwuliza bei.